Nani Atapokea Funguo za Kigango? Wito wa Utumishi na Hali ya Makatekista Wetu



Jubilei ya Mwaka 2025, tuliyoiadhimisha kama Mahujaji wa Matumaini, ilifungwa tarehe 6 Januari 2026. Katika mwaka ule, mwezi Septemba, makatekista kutoka pande mbalimbali za dunia walikuwa na Jubilei yao mjini Roma, na Baba Mtakatifu Leo XIV akaadhimisha pamoja nao Misa Takatifu katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Huku kwetu nako, katika parokia kadhaa tunazozifahamu, makatekista waliitwa mbele ya altare, wakafungwa vitenge vipya mabegani, wakapigiwa vigelegele. Lilikuwa jambo jema na la haki. Lakini turubai likishakunjwa na viti kurudishwa stoo, swali linabaki palepale: kazi hii itaendelezwa na nani, na sisi tuliobaki tunafanya nini?

Katika makala haya tunataka kulitazama swali hilo bila kulizungukazunguka. Tunaamini kwamba namna parokia inavyomtendea katekista wake huonesha ni kwa kiasi gani waamini na wachungaji wao wameuelewa wito walioupokea siku ya Ubatizo.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia wenyewe. Miaka michache iliyopita tulimzika katekista wa kigango kimoja kilicho mbali na makao ya parokia. Alikuwa ametumika kwa miaka 31. Katika miaka hiyo aliwaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, aliwafundisha wakatekumeni, aliwatembelea wagonjwa, aliongoza ibada za mazishi pale padre alipokwama njiani kwa sababu ya mvua, na kila Dominika alifungua mlango wa kanisa na kuufunga. Siku ya mazishi tuliingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. Tunalikiri hilo kwa aibu, kwa sababu tulikuwa tumefanya kazi naye miaka minne. Tulikuta chumba kinachovuja, baiskeli isiyo na tairi la nyuma, na kitabu cha wakatekumeni kilichofungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, mahali pekee pakavu katika nyumba ile.

Waamini walichanga kwa moyo. Jeneza lilikuwa zuri, mashada yalikuwa mengi, na waombolezaji walikula wakashiba. Katibu wa parokia alipojumlisha michango ya juma lile, alituonesha daftari bila kusema neno: fedha zilizopatikana kwa siku nne za msiba zilizidi jumla ya yote aliyopewa marehemu na parokia katika miaka yake mitano ya mwisho, ile ya maradhi. Baada ya matanga, mjane alituletea funguo za kanisa na kile kitabu. Alisema tu, "Baba, hivi ni vyenu." Tulivipokea, na kwa miezi mitatu tukakaa navyo, kwa maana hakupatikana mtu wa kuvichukua.

Tulimwendea kijana mmoja wa kigango kile, aliyemaliza kidato cha nne, mwenye sauti nzuri ya kusoma na mapenzi ya kweli kwa Kanisa. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akajibu, "Padre, kufundisha dini naweza. Ninachoogopa ni kuishi kama alivyoishi mzee." Tangu siku ile jibu hilo halijatutoka moyoni. Kijana hakuukataa wito wa Mungu. Aliogopa yale ambayo sisi tumeuambatanisha wito huo nayo.

Kanisa lililosimama juu ya mabega ya walei

Wapo wanaodhani kwamba katekista ni msaidizi wa dharura, mtu wa kuziba pengo la padre, na kwamba mapadre wakiongezeka kazi yake itakwisha. Historia ya Kanisa katika nchi zetu inasema vingine. Mwezi Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda na kuvuka ziwa hadi Bukumbi, upande wetu wa kusini. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre, hapakuwa na Misa, wala hapakuwa na mtu wa kuungamisha. Hata hivyo waliporudi waliikuta jumuiya hai na yenye wakatekumeni wengi kuliko ile waliyoiacha. Wakristo wachanga kama Yosefu Mukasa Balikudembe, Andrea Kagwa na Matia Mulumba walikuwa wameendelea kusali, kufundisha na kuwatunza wengine. Kutoka katika jumuiya hiyo ndipo walipotokea Mashahidi wa Uganda, ambao 22 kati yao, waliokuwa Wakatoliki, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964.

Tumtazame pia Adriani Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani. Alipokombolewa na wamisionari alipelekwa kusomea utabibu kisiwani Malta, kisha akaja Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Huko aliishi kama tabibu na katekista hadi alipofariki dunia mwaka 1956. Angeweza kuutumia ujuzi wake mahali pengine penye faida kubwa zaidi. Alibaki na watu wa Karema, akaoa huko, akawatibu miili na kuwafundisha imani kwa zaidi ya nusu karne. Basi tukumbuke kwamba mtu huyu aliandaliwa. Kanisa lilimsomesha kwanza, ndipo likamtuma.

Na upande wa kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi, makatekista wawili vijana, Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliuawa Paimol mwezi Oktoba 1918. Katekista aliyewatangulia mahali pale alikuwa amefariki, na Daudi alijitoa mwenyewe kuchukua nafasi yake, ingawa alionywa juu ya hatari za safari na za mahali penyewe. Jildo, aliyekuwa bado kijana mdogo sana, alifuatana naye kama msaidizi. Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza Wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Hapo tunaona kwamba kifo cha katekista mmoja kilimwamsha mwingine. Katika kigango tulichokieleza, kifo cha katekista kilimtia mwingine hofu. Tunapaswa kujiuliza ni nini kimebadilika.

Hesabu ya Dominika

Ili tusizungumze kwa hisia tu, tuchukue mfano wa parokia ya vijijini yenye mapadre wawili na vigango 14. Kila Dominika padre mmoja anabaki makao makuu ya parokia kwa Misa mbili, na mwingine anakwenda vigango viwili. Kwa mzunguko huo kila kigango kinapata Misa ya Dominika mara moja katika majuma saba, yaani mara saba au nane kwa mwaka. Dominika zilizobaki, zisizopungua 44, anayesimama mbele ya Taifa la Mungu, anayeongoza Ibada ya Neno na kulifafanua, na pale alipopewa idhini kugawa Komunyo Takatifu, ni katekista. Kwa mtoto anayekulia katika kigango hicho, sura ya Kanisa analoliona kila juma ni sura ya katekista. Akifundishwa vizuri, ataijua imani yake. Akifundishwa na mtu aliyechoka, mwenye njaa, ambaye semina ya mwisho aliihudhuria miaka kumi iliyopita, basi tusishangae matunda yatakayopatikana.

Na matunda hayo tumeanza kuyaona. Wapo waamini wetu wanaopokea sakramenti zote za mwanzo na bado hawawezi kueleza kwa nini tunabatiza watoto wachanga au kwa nini tunamheshimu Bikira Maria. Wanapougua au kukosa kazi, na hakuna mtu wa Jumuiya aliyewabishia hodi, wanamfuata yeyote anayeahidi muujiza kabla ya machweo. Mwaka 2023 majirani zetu wa Kenya walifukua katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kuambiwa kwamba kufunga mpaka kufa kungewafikisha kwa Yesu. Hatusemi kwamba waliopotea walikuwa Wakatoliki, wala hatuwahukumu marehemu. Tunasema tu kwamba mtu mwenye kiu ya Mungu, asiyepata mwalimu mwema, anaweza kumwamini mwalimu mwovu hadi kaburini. Katekesi basi ni jambo la uhai na mauti. Haipaswi kuachwa kwa bahati.

Kujitolea au kulipwa?

Suala la kumtegemeza katekista likifikishwa mbele ya Halmashauri Walei ya parokia, mara nyingi huzuka hoja mbili. Upande mmoja husema: utumishi wa Kanisa ni kujitolea, ukianza kumlipa katekista umemgeuza kibarua, na kesho atagoma kama kibarua. Upande wa pili husema: mtu huyu ana watoto, analipa ada, anaugua malaria kama wengine, tusimfiche chini ya jina zuri la kujitolea huku tukimla nguvu zake. Hoja hizi zote zina ukweli ndani yake, kwa hiyo inafaa tuzipime kwa mafundisho ya Kanisa, tusizipime kwa sauti ya anayezungumza.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya utume wa kimisionari, Ad Gentes namba 17, uliwasifu makatekista wanaume kwa wanawake, na papo hapo ukaagiza kwamba wale wanaojitoa kwa kazi hii muda wote wapatiwe riziki ya haki na usalama wa kijamii. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 231, inataka walei wanaojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa wapate malezi yanayostahili, na inawatambulia haki ya kupata malipo ya heshima yanayowawezesha kujikimu wao na familia zao, pamoja na matibabu na hifadhi ya jamii. Neno lililotumika humo ni haki. Halikusemwa kama fadhila ya paroko mwenye huruma, wala kama zawadi ya Krismasi.

Mtume Paulo anatusaidia kuona jinsi hoja zile mbili zinavyopatana. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, anatetea kwa nguvu haki ya wahubiri wa Injili kuishi kwa Injili. Kisha anasema kwamba yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo. Na kweli tunasoma katika Matendo ya Mitume kwamba alifanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akwila na Priskila (Mdo 18:1-3). Paulo aliiacha haki yake kwa hiari. Hakuwapa Wakorintho ruhusa ya kuwanyima wengine haki zao. Kwa Wagalatia aliandika waziwazi kwamba anayefundishwa neno amshirikishe mwalimu wake mema yote (Gal 6:6). Hivyo katekista anaweza kusema, "Mimi natumika bure kwa ajili ya Bwana," na maneno hayo yatakuwa matakatifu kinywani mwake. Yakitoka kinywani mwetu kwa niaba yake, yanakuwa kisingizio.

Ni kweli pia kwamba makatekista wengi wa vigango hawafanyi kazi hii kwa muda wote. Ni wakulima, wavuvi au mafundi wanaotoa siku mbili au tatu kwa juma. Kwao haitazamiwi mishahara kama ya ofisini. Lakini siku tatu za juma wakati wa kupalilia ni jambo zito kwa mkulima. Jirani wanapovuna, naye anavuna nusu. Hapo jumuiya ina deni, hata kama hakuna mkataba ulioandikwa.

Tarehe 10 Mei 2021 Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake Antiquum ministerium, aliianzisha rasmi Huduma ya Katekista kama huduma ya kudumu ya walei, wanaume na wanawake, inayotolewa na Askofu kwa ibada maalumu kwa watu wenye imani ya kina na ukomavu wa kibinadamu, walioandaliwa ipasavyo katika Maandiko Matakatifu, taalimungu, uchungaji na ufundishaji. Ni heshima kubwa. Lakini heshima hii inatudai. Haifai kumsimika mtu kwa sala nzuri siku ya Jumapili, na Jumatatu kumwacha aazime nauli ya kwenda semina.

Wito si wa katekista peke yake

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukachangisha fedha na kurudi nyumbani tukiwa na amani. Lakini tatizo lina mzizi mwingine. Katekista wetu yule alichoka kwa sababu alifanya peke yake kazi ya watu ishirini. Tulimfanya kuwa mtu wa kuamini, kusali na kutumikia kwa niaba yetu.

Mtaguso ulifundisha, katika hati juu ya utume wa walei ya mwaka 1965, kwamba wito wa kuwa Mkristo kwa asili yake ni wito wa utume pia. Mwili hauna kiungo kinachokula tu bila kufanya kazi. Sinodi iliyohitimishwa Oktoba 2024 imelisisitiza jambo lilelile kwa kuongea juu ya ushiriki na uwajibikaji wa wabatizwa wote. Hata hivyo, tukitazama Jumuiya zetu Ndogondogo za Kikristo, ambazo Maaskofu wa Afrika Mashariki walizichagua katika miaka ya 1970 ziwe msingi wa maisha ya parokia, tunaona nini? Akina mama wamekaa kwenye mkeka, watoto wamewazunguka, na baba mmoja, pengine wawili. Wanaume wengine watasikika siku ya harambee. Wapo ambao mawasiliano yao na Jumuiya yamebaki kuwa ujumbe wa muamala wa simu: fedha imetumwa, jina liandikwe, kadi ipigwe muhuri.

Hatudharau zaka wala michango. Bila hiyo hakuna paa la kanisa lililoezekwa. Lakini fedha haiwezi kumtembelea mgonjwa. Mchango wa mjenzi haumfundishi mtoto wake kuchora ishara ya msalaba. Na hapa sisi mapadre tuna sehemu yetu ya lawama. Mara nyingi mimbarini tumetumia dakika nyingi kutangaza viwango vya michango na dakika chache kuwaita watu kwenye kazi. Tumezoea majina yaleyale katika kamati zilezile. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt 20:1-16), wale waliokutwa sokoni saa kumi na moja jioni hawakuwa wavivu. Walieleza kwamba hakuna mtu aliyewapa kazi. Pengine wapo waamini wengi wa namna hiyo katika madawati ya nyuma, walimu wastaafu, wauguzi, vijana wa bodaboda, mafundi wa kompyuta, ambao wamesubiri miaka mingi paroko awaite kwa jina.

Tusifikiri pia kwamba utumishi unaishia kwenye sakristia. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta mjini Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui, mtu wa lugha yetu hii ya Kiswahili. Alizaliwa mwaka 1981, alikuwa mwanajumuiya wa Mtakatifu Egidio, akiwahudumia watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa bidhaa zinazoingia mpakani. Alipewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite. Alikataa, kwa kuwa alijua kwamba chakula kile kingeliwa na watu maskini. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Hakuwa padre wala mtawa. Altare yake ilikuwa meza ya ofisi, na mhuri aliokataa kuugonga ulikuwa ndio ungamo lake la imani. Mwamini anayefanya kazi forodhani, mahakamani, shuleni au dukani hawezi tena kusema kwamba hajui namna ya kumtumikia Kristo.

Nini kifanyike?

Tunaleta mapendekezo manne, ambayo parokia yoyote inaweza kuyajadili katika kikao chake kijacho.

Kwanza, tuhesabu ukweli. Halmashauri iandike kila katekista anafanya saa ngapi kwa juma, anatembea umbali gani, ana watu wangapi wanaomtegemea, na akiugua anatibiwa kwa nini. Paroko na wajumbe wafike nyumbani kwake akiwa hai. Vigango vingi vitashangaa jinsi ambavyo havikuwahi kuuliza.

Pili, uwepo mfuko wa makatekista wenye daftari lake, unaosomwa hadharani kama hesabu nyingine. Parokia yenye Jumuiya 40, kila moja ikiwa na familia 25, ina familia 1,000. Kila familia ikitoa Sh 1,000 kwa mwezi, zinapatikana Sh 1,000,000. Nusu yake ikigawanywa kwa makatekista 14, kila mmoja anapata kama Sh 35,000 kwa mwezi. Nusu nyingine, Sh 6,000,000 kwa mwaka, inabaki kwa matibabu na mafunzo. Kiasi hicho hakimtajirishi mtu, lakini kinamwezesha kununua dawa na daftari la mtoto. Tunajua waamini wamechoshwa na michango, na malalamiko yao ni ya haki. Kwa hiyo tunashauri mchango huu utangulie mingine: kabla ya mnara wa kengele na kabla ya vigae, tumtazame anayefundisha chini ya mnara huo. Kigango kisicho na fedha kinaweza kulima ekari moja ya pamoja, kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya.

Tatu, tusimwachie mtu mmoja mzigo wote. Yethro alipomwona Musa ameketi kuamua mashauri ya watu toka asubuhi hadi jioni, alimwambia kwamba atajichosha yeye na watu wake, akamshauri ateue wasaidizi (Kut 18:13-26). Mitume walifanya vivyo hivyo walipowachagua wale saba (Mdo 6:1-7). Kila kigango kiwe na makatekista wawili au watatu wanaogawana kazi, na miongoni mwao wawepo wanawake, kwa maana Antiquum ministerium imewafungulia mlango huo waziwazi na wao ndio wanaofundisha watoto wetu wengi tayari. Mama wa WAWATA, mzee wa UWAKA na kijana wa VIWAWA wakigawana Dominika nne za mwezi, hakuna atakayevunjika mgongo.

Nne, tuite watu kwa majina, na tuwafunde kabla ya kuwatuma. Tangazo la jumla mwishoni mwa Misa, kwamba mwenye nafasi ajitokeze, humfikia kila mtu na halimgusi yeyote. Bwana aliwaita wavuvi kando ya nyavu zao. Aliyeitwa apelekwe chuo cha makatekista au semina ya jimbo, na parokia ibebe gharama.

Mtu anaweza kutuuliza: je, tukianza kuwategemeza, hatutawavutia watu wanaotafuta tumbo? Hatari hiyo ipo, nasi hatuifichi. Ndiyo maana Kanisa linadai utambuzi, malezi na ushuhuda wa jumuiya kabla ya mtu kukabidhiwa huduma. Lakini hatuwafungii watu wema mlango kwa kuwaogopa wabaya. Na umaskini wa katekista haujawahi kuwa kichujio cha uhakika. Mara nyingi umewachuja waliokuwa bora zaidi.

Turudi kwenye funguo zile. Mwezi wa nne, baada ya vikao vitatu vya Jumuiya, wazee wa kigango walituletea majina mawili: mama mmoja mjane anayeuza samaki, na yule kijana wa kidato cha nne. Kijana alikuwa amekubali kwa sharti alilolitamka mbele ya wote, kwamba asiachwe peke yake. Jumuiya ziliahidi ekari moja ya mahindi. Mwaka wa kwanza palizi ilichelewa na mavuno yalikuwa haba. Paa la mjane wa marehemu limeezekwa upya upande mmoja, upande wa pili bado. Hatuwezi kusema kwamba tumefaulu. Tunasema tu kwamba funguo zimetoka katika droo ya ofisi yetu, na kwamba kila Dominika mlango ule unafunguliwa.

Mpendwa msomaji, juma hili utakapokwenda kwenye Jumuiya yako, tunakuomba uulize maswali matatu kwa sauti ya upole. Katekista wetu anaishije? Mimi ninafanya nini ambacho nimemwachia yeye? Na akiondoka leo, ni nani ataitwa? Usiridhike kabla jina moja halijatajwa. Na ikiwa jina litakalotajwa ni lako, usiogope.

Tumwombe Mwenyezi Mungu, kwa maombezi ya Wenyeheri Daudi na Jildo, awajalie makatekista wetu nguvu, awape pumziko la milele waliotutangulia, na atuamshe sisi sote tuliobatizwa, ili tusimame kila mmoja mahali pake. Mungu awabariki.